Re: Kazi ya data inalipa, ila siioni maana yake

> Modeli yangu, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, inabashiri nani atabofya tangazo la mtandaoni. Mshahara mzuri, lakini nikiulizwa nafanya kazi gani nabadilisha mada. Je, nihamie sekta ya afya?

Kaka, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, ngoja nikupinge kidogo. Nimefanya pande zote mbili. Huko afya unakokutamani kuna dashibodi (kurasa za takwimu na grafu) nyingi tu ambazo hakuna daktari anayezifungua.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ile haikupima mtu anaumwa kiasi gani. Ilibashiri atagharimu pesa ngapi. Kwa kuwa wagonjwa Weusi walikuwa wakitibiwa kwa fedha kidogo kuliko Weupe wanaoumwa vilevile, walionekana wana nafuu wasiyokuwa nayo. Watafiti walikadiria kwamba pengo hilo likizibwa, Weusi miongoni mwa wanaopata uangalizi huo wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Gharama zenyewe modeli ilizibashiri vizuri! Tatizo lilikuwa safu moja ya jedwali, gharama ikawekwa mahali pa ugonjwa. Na uamuzi wa namna hiyo hupita mikononi mwa watu wa kazi yako.

Kwa hiyo mimi maana naitafuta kwenye kikao kile cha mwanzo, panapoamuliwa tubashiri nini. Wengi wetu tunaitwa baadaye, shabaha imeshachaguliwa, tunaambiwa tu tuongeze usahihi. Omba kuingia mapema. Ukishaingia, uliza nani atafanya nini tofauti kwa sababu ya namba hii. Wakikosa jibu, usijenge, hata wakikuahidi usahihi wa asilimia 99. Halafu nenda ukakae na watakaoitumia. Mtu wa huduma kwa wateja atakueleza kwa nusu saa kitu ambacho data yako haitakuonyesha kamwe.

Ukishajaribu hayo hapo ulipo na bado moyo ukagoma, basi hama. Jua tu kwamba kwenye mashirika madogo utasafisha lahajedwali (majedwali kama ya Excel) zaidi kuliko utakavyojenga modeli. Mimi nalipenda hilo, wapo wanaolichukia.

---

Naunga mkono, dada, ila naongeza la vitendo. Kaka, kama uko ugenini, soma kibali chako cha kazi kwanza. Nchi nyingi hukifunga kwa mwajiri mmoja, na ukiacha kazi muda wa kupata nyingine huwa mfupi. Tafuta ukiwa bado umeajiriwa.

Unaweza pia kutafuta maana kwa kujitolea baada ya kazi, ila nako kuna masharti. Vibali vingine vinabana hata kazi isiyolipwa, na mikataba mingi humpa mwajiri haki juu ya programu unayoandika jioni kwa kompyuta yake. Omba ruhusa kwa maandishi.

Ukiruhusiwa, Masakhane ni jumuiya ya watafiti wanaoshughulikia lugha za Kiafrika kwenye kompyuta, na Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili. Kwenye Common Voice huhitaji hata kuandika programu: unasoma sentensi kwa sauti, au unasikiliza walizosoma wengine na kuzihakiki. Mkeo na wanao pia wanaweza kusaidia kuhakiki.