Tupeane uzoefu: chuo kilikuhesabu mkazi wa jimbo au mgeni, na ni karatasi ipi iliyoamua?

Mwanzisha mada, Maryland

Shikamooni wakubwa, na wengine salaam. Hapa Marekani chuo cha umma humtoza mkazi wa jimbo lake ada ndogo kuliko mtu wa nje. Binti yetu alipokubaliwa mwezi Machi katika chuo kikuu cha umma hapa jimboni, furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu ikaja barua inayomtaja kuwa si mkazi wa jimbo, na ada iliyoandikwa humo ilikaribia mara tatu ya ile tuliyokuwa tumeipigia hesabu. Sote tuna kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, tunalipa kodi, na tulihamia hapa kutoka Virginia tarehe 3 Agosti mwaka uliotangulia, kwa hiyo tuliamini kwamba miezi 12 ya kuishi jimboni inayotakiwa ingetimia kabla ya siku ya mwisho ya kujisajili kwa masomo. Tatizo ni kwamba miezi miwili na nusu ya mwanzo tulikaa Silver Spring kwa shemeji yangu, ambaye hakututoza hata senti moja, na mkataba wetu wa pango unaanzia katikati ya Oktoba. Ukarimu wa shemeji hauna risiti.

Tumepewa wiki mbili za kukata rufaa. Naomba waliopitia jambo hili wasimulie yaliyowakuta wao wenyewe, wakitaja jimbo na hadhi ya uhamiaji waliyokuwa nayo wakati huo, kwa sababu ushauri wa «mwenzangu aliomba akapata» umeshanipoteza mara mbili.

Mzee mstaafu, Maryland

Marahaba, mwanangu. Nilifanya kazi Benki ya Dunia kwa viza ya G-4, ile wanayopewa watumishi wa mashirika ya kimataifa, na watoto wangu wawili walisoma vyuo vya umma hapa Maryland kwa ada ya mkazi. Hiyo haikuwa hisani ya mtu. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa kinawanyima ada hiyo watoto wa wenye G-4, hata wale waliokulia hapa, mpaka wenyewe walipokwenda mahakamani. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani zaidi ya mara moja, kwanza mwaka 1978 na mwisho mwaka 1982 katika kesi ya Toll v. Moreno, na mara hiyo ya mwisho mahakama ikasema jimbo haliwezi kuwakatalia, kwa kuwa Bunge la Marekani lenyewe halikumtaka mwenye G-4 aape kwamba atarudi kwao.

Angalieni vizuri hoja hiyo, maana ndiyo hiyo hiyo inayowafungia wengine mlango. Viza ya mwanafunzi, F-1, hupewa mtu anayeeleza kwamba ana makazi kwao ambayo hakusudii kuyaacha. Sasa mtu huyo huyo hawezi kugeuka akakiambia chuo kwamba kwao ni hapa. Mpwa wangu kutoka Moshi alikaa miaka sita kwa F-1, ana leseni ya udereva, ana gari, ana mkataba wa nyumba, na hakuhesabiwa hata siku moja. Alipooa na kupata kadi ya kijani, chuo chake kilianza kumhesabia miezi 12 tangu tarehe iliyo kwenye kadi, na miaka sita ile ikaenda na maji. Sisi huulizana «umekaa miaka mingapi», wakati ofisi inataka kujua tangu lini sheria imekuruhusu kukusudia kubaki.

Wewe uko upande mzuri wa mstari huo. Kwako umebaki ushahidi tu, basi.

Baba wa watoto wanne, Kentucky

Ndugu, mimi ni Mkongomani wa Uvira. Tulikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka 17, kisha tukaletwa Louisville kama wakimbizi, na kijana wangu mkubwa amemaliza sekondari hapa. Alipojaza fomu ya chuo kwenye kompyuta, palikuwa na swali kama yeye ni raia wa Marekani, naye akajibu kwa ukweli kwamba si raia. Kuanzia hapo fomu ikamhamisha moja kwa moja kwenye kundi la wanafunzi wa kimataifa, wakamdai pasipoti, wakamdai taarifa ya benki yenye fedha za mwaka mzima, wakamwandikia ada ya mgeni. Pasipoti tuitoe wapi? Mkimbizi anaingia nchi hii na karatasi ya I-94, ile ya kumbukumbu ya kuingia nchini, yenye muhuri, na hiyo ndiyo hadhi yake.

Tulikwenda wenyewe ofisini, mimi, kijana na mkalimani wa kanisani. Karani alizitazama karatasi zetu, akazirudia, kisha akauliza kwa nini watu sita wa familia moja wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Nilimweleza kwamba kambini, asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa aliandikiwa mwaka wa kukisia, na siku ikawekwa ya kwanza. Akaita mkubwa wake. Tulisubiri kama saa moja, nikidhani sasa tumekamatwa uongo, kumbe mkubwa yule alishawaona wengi wa tarehe hiyo. Alifuta maombi ya kimataifa, akafungua mapya, akaweka I-94, karatasi za shule ya sekondari za miaka mitatu na ritani yangu ya kodi. Kijana akawa mkazi, na msaada wa fedha wa serikali kuu, ule wa fomu ya FAFSA, akaupata pia, kwa sababu mkimbizi anaruhusiwa kuuomba sawa na mwenye kadi ya kijani.

Kwa hiyo wenzangu mliokuja kama sisi, mkiona fomu inawadai pasipoti, simameni hapo hapo na mwende ofisini kabla ya kubonyeza mahali pa kutuma.

Mama, Texas

Nimesita kuandika, na sitasema mji. Mwanangu aliletwa hapa akiwa na miaka sita. Viza yetu ya matembezi iliisha, tukabaki. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa vijana kama yeye ada ya mkazi, kwa sheria ya mwaka 2001: uwe umeishi jimboni miaka mitatu hadi kumaliza sekondari, umalize hapa, na utie saini hati ya kiapo kwamba utaomba ukazi wa kudumu mara utakapostahili. Alitia saini, akasoma mwaka wa kwanza na wa pili bila tatizo.

Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas, Texas ikakubali siku hiyo hiyo, na jaji akaizuia sheria siku hiyo hiyo. Miaka 24 ya sheria ilikwenda kati ya asubuhi na jioni. Msingi wa shtaka ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, inayokataza jimbo kumpa asiye na kibali cha kuwapo nchini nafuu ya masomo kwa sababu ya ukazi, isipokuwa kama raia yeyote wa Marekani anaweza kupata nafuu hiyo hiyo bila kujali anaishi wapi. Mwezi huo huo Kentucky na Minnesota nazo zikashtakiwa. Florida haikungoja mahakama. Ilifuta utaratibu wake yenyewe kuanzia tarehe 1 Julai 2025.

Jambo ambalo sikulisikia likisemwa ni hili: chuo cha mwanangu kiliwaandikia wote waliowahi kutia saini kile kiapo, hata waliokwisha kupata hadhi baadaye. Binti yangu mkubwa ana kadi ya kijani kwa ndoa tangu miaka miwili iliyopita, lakini faili lake lilikuwa bado linasema kiapo, akapandishiwa ada mpaka alipopeleka kadi na kubadilishiwa kundi. Kama hadhi yako imebadilika, usisubiri barua. Mdogo wake hana cha kupeleka. Sasa anachukua masomo mawili kwa muhula badala ya matano.

Mzee mstaafu, Maryland

Pole sana, mama. Niongeze kidogo kwa faida ya wengine: California nayo ina sheria ya mwaka 2001, lakini iliandikwa kwa njia nyingine, ikadai miaka mitatu ya kusoma sekondari za jimbo badala ya ukazi, ili hata raia aliyekwisha kuhamia jimbo jingine aweze kuitumia. Mahakama ya juu ya California iliikubali tofauti hiyo mwaka 2010.

Kijana, Ohio

Mimi ni raia, na bado nilikataliwa. Nilihamia jimbo la jirani, nikapanga chumba, nikabadilisha leseni, nikasubiri mwaka mzima nikifanya kazi ghalani. Ofisi ikauliza swali moja: nani amekuandika kama mtegemezi kwenye ritani yake? Baba yangu, Ohio. Rufaa ikaishia hapo, kwa sababu ukazi wa mtegemezi hufuata wa mzazi. Wenye uwezo wa kuchagua wayatazame pia mapatano ya majimbo: Minnesota ina mapatano na Wisconsin na Dakota zote mbili, na majimbo ya magharibi yana mpango ambao chuo kinachoshiriki hakimtozi mwanafunzi wa jimbo mwenzake zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi.

Mwanzisha mada, Maryland

Asanteni sana. Narudi kutoa taarifa. Tulipeleka hati ya kiapo ya shemeji, wakaipokea bila kuonyesha hamasa yoyote, kwa kuwa ndugu ni ndugu. Tukapeleka fomu ya kumsajili binti sekondari, lakini ilikuwa na tarehe ya Septemba. Mume wangu ndiye aliyekumbuka kwamba alibadilisha leseni yake ya Virginia wiki ile ile tuliyofika, kwa kuwa alitaka kazi ya kuendesha gari. Leseni yenyewe alishaipoteza akapewa nyingine yenye tarehe mpya. Tuliikuta risiti ya ile ya kwanza ndani ya kisanduku cha mbele cha gari, chini ya vikombe vya karatasi, wino wake umefifia kiasi kwamba ilibidi tuielekeze dirishani ili kusoma: tarehe 7 Agosti.

Wameikubali. Binti ni mkazi tangu muhula huu wa kwanza. Bili ya kwanza ilikuwa imeshapitisha muda tukiwa bado kwenye rufaa, na faini ya kuchelewa wamesema hairudishwi, nasi tumeilipa.