Siku moja Nungwi peke yangu, nianzie wapi?

Wakuu habari, niko Uyole Mbeya, mwezi ujao nina kazi Dar nikaona nivuke Unguja siku mbili, moja nataka niimalizie Nungwi mwenyewe bila kampani, mfuko wa kawaida. Nifanye nini siku nzima nisiishie kukaa mchangani tu naangalia watalii?

Jibu 1: Boti toka Dar ni kama masaa mawili. Lala mjini, alfajiri panda daladala ya Nungwi namba 116, ni kaskazini kabisa mwa kisiwa, usikubali teksi wakikuona na begi. Ukifika pita kwanza wanapotengeneza majahazi, hapo mimi nilisimama kama saa nzima fundi anapiga misumari huku ananipigia stori, halafu nenda kwenye bwawa la kasa kule Mnarani. Mchana kula kijijini sio hotelini.

Jibu 2: Niongezee, uliza maji yanakupwa saa ngapi, yakikupwa unatembea kwa mguu ufukweni mpaka Kendwa, kijiji jirani, jua linazama baharini unaliona kabisa. Maji yakijaa kuna sehemu hupiti, mie nilikwama nikarudi nimelowa mpaka simu😂

Jibu 3: Na jaketi la Uyole liache Dar mzee. Ukiingia kijijini vaa shati, usipite kifua wazi, wenyewe hawapendi.

Muuliza swali: Ndaga fijo wakuu, simu naifunga kwenye nailoni kabisa