Forodhani ni ya nani baada ya magharibi?

Mtu wa Kikwajuni: Asalaam alaykum. Meza za vyakula kwenye bustani ya Forodhani, pale pwani ya Mji Mkongwe, Unguja, zipunguzwe, au ziachwe kama zilivyo? Mie nasema zipunguzwe. Ijumaa nilishuka mjini na mama, mguu unamsumbua, anataka kukaa ukutani apunge upepo. Kila tulipofika pana sahani za watu na kijana anauliza, "Mnakula nini?" Hatuli, tumekuja kukaa. Akatutazama kama tumeingia chumbani kwake bila hodi.

Na msinambie biashara ndiyo asili ya pale. Jina limetokana na forodha, kweli, mizigo ndipo iliposhukia, na treni ya Bububu ilikuwa ikianzia hapo karibu na Ngome Kongwe. Lakini bustani ilitengenezwa 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub. Bustani, si jiko.

Mwenye meza: Mpe pole mama. Ila meza hiyo ndiyo inayosomesha wanangu. Tangu alasiri nachoma mishikaki, nachemsha pweza, nakata ndimu, na mauzo yenyewe ni baada ya isha. Mwenyeji ananunua urojo bakuli moja na vijiko vinne (sikulaumu, maisha magumu). Mgeni ndiye anayenirudishia mtaji. Ukinipunguza mimi, papasi, yule anayewavizia wageni, wa bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji, ndiye atakayebaki.

Bibi wa Vuga: Hapo kwenye bei mbili umesema. Mimi juzi niliulizwa bei kwa Kiingereza, na buibui langu hili! Lakini nyote mmewasahau watoto wanaochupa baharini maji yakijaa. Bustani ilipofunguliwa tena 2009, baada ya shirika la Aga Khan kuikarabati, wajukuu wangu walikuwa pale kila siku alasiri, nguo wamezirundika kwenye nyasi. Siku hizi wanachupa huku watu wanawapiga picha, wakitoka hawana hata pa kuanikia kaptura.

Mtu wa Kikwajuni: Basi naregeza. Meza zibaki zote, ila ukuta uachwe. Hatua kumi kutoka baharini pasiwe na meza, kiti wala karai. Tutandike mkeka tukae. Mwenye meza, hilo unalikubali?

Mwenye meza: Nalikubali kwa moyo safi.

Bibi wa Vuga: Meza yako iko wapi, mwanangu?

Mwenye meza: Ukutani.