Fundi kaniambia amri ya "clean" ndo iliua data zangu, UONGO! Kaziua yeye

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka, vumilieni uzi ni mrefu.

Nilikua natengeneza flashi ya kupigia Windows, nikawa nafuata maelekezo niliyoyakuta mtandaoni, fungua diskpart (programu ya Windows ya kupanga diski kwa kuandika amri), andika list disk ikuoneshe diski zote, alafu select disk 1 kuichagua, alafu clean kuisafisha. Basi. Yule mwandishi kwake disk 1 ndo flashi, kwangu disk 1 ilikua ni diski yangu ya nje ya TB 1 yenye kila kitu changu cha miaka tisa, flashi ilikua disk 2. Hakuna mahali kaandika "angalia ukubwa kwanza"! Pale kwenye list disk kuna safu ya ukubwa kabisa, moja imeandikwa 931 GB nyingine 14 GB, sentensi moja tu ingeniokoa. Na diskpart haikuulizi una uhakika au huna, unabonyeza Enter, sekunde chache inakwambia imefanikiwa kusafisha diski.

Nilikosea hapo, sikatai. Lakini nilivoona diski imekua tupu sikuigusa tena, Windows ikaleta kile kidirisha cha kutaka nii-initialize, yani niiandae kama diski mpya, nikakifunga, nikachomoa, nikampelekea fundi nikamweleza neno kwa neno nilichofanya.

Sasa sikieni alichofanya. Kaifomati kwanza "ili isomeke", akaskani kwa programu yake, alafu mafaili aliyoyapata AKAYASEVU HUMO HUMO kwenye diski ileile!! Yani unafukua mtu aliyefukiwa na udongo unaotoa unamrudishia kichwani. Kila faili aliloliokoa lilikua linakalia nafasi ya faili lingine ambalo bado halijaokolewa. Nilivomuuliza mbona mengi hayafunguki akanijibu kwa kujiamini kabisa, "data zako zilikufa siku ile ulivofanya clean".

Siyo kweli. clean ya kawaida inafuta jedwali la patisheni, yani ramani ya jinsi diski ilivogawanywa, mafaili yenyewe yanabaki palepale yalipokua. Inayoandika sifuri diski nzima ni clean all, na hiyo kwa TB 1 ni masaa, siyo sekunde. Diski yangu ilikua NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili), na NTFS inaweka mwishoni mwa patisheni nakala ya sekta yake ya kwanza, programu ya TestDisk inaitafuta hiyo na inaweza kurudisha patisheni nzima na majina ya mafolda yote, na ni ya bure. Hata ikishindikana unatengeneza kwanza imeji, yani nakala kamili ya diski, kwa programu ya ddrescue kwenda diski NYINGINE, alafu unapiga PhotoRec, programu ya kufukua mafaili, kwenye imeji, majina yatapotea ila vitu unapata. Mtu anayejiita fundi wa data hajui hili? Na hela kachukua.

Nilichorudishiwa ni maelfu ya mafaili yenye herufi f na namba ndefu. Picha nyingi nusu ya juu ni picha, nusu ya chini kijivu. Kuna video ya marehemu mama anamfundisha mwanangu kuhesabu, wanafika nne, picha inaganda, sauti inakata. Ilikua dakika kumi na mbili ile video. Ndo ya pekee niliyokua nayo ana sauti.

Nyie mnaoandika maelekezo nendeni mkarekebishe leo, wekeni onyo juu kabisa kabla ya amri yenyewe. Na nyie mafundi kama hamna diski ya pembeni ya kusevia msipokee kazi, mwambieni mteja alete.

Diski nimeichomoa nimeifungia kabatini, siichomeki popote mpaka nipate nyingine kubwa kuliko hii nitengeneze imeji mwenyewe. Aliyewahi kurudisha video ya MP4 iliyokatika aniambie kafanyaje, nimesoma untrunc, programu ya kutengeneza video zilizoharibika, inataka video nzima iliyopigwa na simu ileile, simu ya mama bado ninayo na inawaka.