Robin Hood anayeaminika, nimwandikeje?

Muuliza:
Habari zenu wadau. Naandika riwaya ya Robin Hood, yule jambazi wa msituni wa hadithi za Kiingereza anayeibia matajiri na kuwapa maskini, ila nataka iwe kitu ambacho kingeweza kutokea kweli, sio yule wa kupasua mshale kwa mshale. Nimeiweka 1193, Mfalme Richard katekwa akitoka vita vya msalaba, Uingereza inakamuliwa fidia ya maki (kipimo cha fedha cha enzi hizo) 150,000, sherifu wa Nottingham, yaani afisa wa mfalme wa eneo hilo, anabana watu, mwishoni mfalme anarudi na haki inapatikana. Sasa huo mwisho kila nikiusoma hauniingii akilini kabisa. Mnanishaurije?

Jibu la 1:
Huo mwisho utoe mkuu. Richard katawala miaka 10 na Uingereza kakaa kama miezi 6 tu, na hiyo fidia ni ya kumkomboa yeye mwenyewe, watu walidaiwa robo ya mapato yao, sasa mkulima amshangilie kwa lipi? Afu kwenye utenzi mrefu wa zamani wa Robin Hood mfalme anaitwa Edward, Richard kaingizwa baadaye sana, hata Marian, yule mpenzi wa Robin, hayumo. So si lazima iwe 1193.

Jibu la 2:
Mi ningeihamishia 1225. Kuna mtu anaitwa Robert Hod, alitoroka mahakama kule York, na hesabu za hazina ya mfalme za 1226 zimeandika mali yake iliyotaifishwa, shilingi 32 na peni 6. Kama ndiye Robin Hood au siye hakuna aliyethibitisha, ila kwa riwaya hiyo ni dhahabu, anza na watu wa sherifu wako uani kwake wanahesabu kimoja kimoja, sufuria, ng'ombe, magunia, mkewe kasimama anaangalia. Ila usinyonge mtu kwa sababu ya kuua kulungu wa mfalme tafadhali, Hati ya Misitu ya 1217 ilishafuta adhabu ya kifo kwa hilo, ilibaki faini au kifungo cha mwaka na siku moja. Ukitaka ukatili onyesha mbwa, mbwa wa wanakijiji walikatwa vidole vitatu vya mguu wa mbele wasiweze kukimbiza wanyama wa mfalme.

Muuliza:
Aisee hiyo ya mbwa sikuijua, inaingia sura ya kwanza. Asante sana. Lakini kuibia matajiri na kuwapa maskini niiache kabisa au?

Jibu la 3:
Usiiache dada, ipe sababu. Jina lako likiitwa mahakamani kikao baada ya kikao na hutokei, unatangazwa nje ya sheria, na atakayekuhifadhi au kukulisha naye ana kesi. Na Sherwood, msitu anaojificha Robin, haikuwa miti mitupu, kulikuwa na nyika na vijiji humohumo ndani, baridi ikiingia majani yanapukutika na moshi wa moto wako unaonekana mbali, lazima mtu wa kijijini akuletee mkate. Yule mtu anahatarisha shingo yake kila akitoka na kikapu, kwa hiyo zile pesa za abate (mkuu wa monasteri) aliyeporwa barabarani zinaenda kwake, nusu ni shukrani nusu ni ya kumfunga mdomo, na Robin mwenyewe asijue ipi ni ipi.