Naomba ushauri: nikijichunguza, nawezaje kutenga ninachokisikia na ninachokiwaza?

Mshonaji wa Muheza

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nashona nguo hapa Muheza. Tangu mwezi wa nne huamka kabla ya watoto, nakaa mkekani kama robo saa na kujiuliza swali moja tu: mimi ni nani? Nilianza baada ya kusoma habari za Ramana Maharshi, yule Mhindi aliyevamiwa na hofu ya kifo mwaka 1896 mjini Madurai, akiwa kijana wa miaka 16. Hakukimbilia kwa daktari. Alijilaza, akajinyoosha kama maiti, akaangalia ni kitu gani kingebaki mwili ukishakufa. Baadaye alihamia kwenye mlima Arunachala na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1950.

Mtu anayenielekeza kwa simu anasema nisilijibu swali kwa maneno. Kwanza nijue kipi kinaletwa na hisi zenyewe na kipi kinaongezwa na fikra. Hapo ndipo nilipokwama.

Bodaboda ikipita njiani, sauti na picha vinafika pamoja. Nimefumba macho lakini pikipiki naiona, nyekundu, imebeba gunia la mkaa. Nikisema "nasikia pikipiki", hapo nimetaja hisi au wazo?

Halafu nikimtafuta huyo "mimi" napata mkazo nyuma ya macho, kama kuna mtu amekaa pale anachungulia nje. Je, ndiye?

La tatu ni gumu kuliandika. Baba yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa akirudi jioni tunamjua kwa geti la bati, maana linakwaruza sakafu. Wiki iliyopita nilikaa jioni badala ya alfajiri, geti likakwaruza, mwili wangu wote ukasema baba karudi. Niliinuka kabisa kwenda kumpokea. Alikuwa mtoto wa jirani, katumwa chumvi. Tangu siku hiyo naogopa kukaa.

Fundi Redio

Dada, pole sana kwa msiba. Nitaongea kwa kazi ninayoijua. Mteja akiniletea redio husema "spika imekufa". Hilo ni wazo lake. Nikiwasha nasikia mvumo, au mkwaruzo unaokuja sauti ikipanda. Nikiamini neno la mteja nitabadilisha spika nzima, kumbe ni waya umeachia. Ndiyo maana nimejizoesha kusikiliza kwanza kabla sijalikubali jina.

Kipimo changu ni hiki: hapo kuna kipi kinachoweza kuwa si kweli? Pikipiki inaweza kuwa bajaji. Nyekundu inaweza kuwa nyeusi. Mkaa umetoka kichwani mwako. Lakini mngurumo ulioanzia mbali, ukanenepa, ukapita, ukakonda, huo ulisikika ulivyosikika, hakuna wa kukubishia. Kinachoweza kukosea ni wazo. Usilifukuze, litambue tu kwamba limekuja.

Mwalimu wa Kisumu

Mimi nitapinga kidogo. Martin Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani, aliandika mwaka 1927 kwamba kile tunachokisikia kwanza si kelele tupu, na mmoja wa mifano yake ni pikipiki hiyohiyo. Kuisikia kelele tupu, alisema, kunahitaji mtu ajilazimishe mno. Kwa hiyo dada usijilaumu picha ikitangulia. Ndivyo masikio ya binadamu yanavyoishi duniani, na sidhani hisi na maana vinaweza kubanduliwa kabisa kama ganda na tunda.

Fundi Redio

Mwalimu, kwamba inahitaji juhudi nakubali. Hata tundu la kifungo linahitaji juhudi, dada yetu anajua. Na sisemi abandue vyote daima, hata barabarani angegongwa. Nasema kwa robo saa ile tu. Geti lake limeonyesha kwa nini: maana iliyotangulia ilimwinua kwenye mkeka, na haikuwa kweli.

Bin Kombo, Unguja

Nimjibu lile la pili, maana limenishughulisha miaka.

Dada, fumba macho, weka kiganja juu ya paja, usikisogeze, subiri kama dakika mbili. Utapata joto. Utapata uzito, pengine na mapigo ya damu. Sasa vitafute vidole vitano. Vihesabu kwa hisi peke yake, bila kukumbuka mkono wako unafananaje. Mimi sikuvipata. Nilipata kama wingu la joto lisilo na ukingo, na ile picha ya mkono ilikuwa inaletwa na fikra kila nilipouliza.

Halafu rudi kwenye mkazo wako kwa njia ileile. Mkazo ni hisi. "Huyu ndiye mimi, anachungulia" ni maneno yaliyobandikwa juu yake. Na kama mkazo unaujua, basi huo ni kitu kinachojulikana, kama joto la paja. Anayeujua bado hujamkuta. Usiharakishe kumpa makao mengine.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alipenda msemo wa watu wa tarika, kwamba ajuaye nafsi yake amemjua Mola wake. Aliusema huku akichambua mchele. Sikuwahi kumuuliza alivyouelewa na hilo linanisikitisha mpaka leo.

Mwalimu wa Kisumu

Hapo Bin Kombo sina ubishi. David Hume, mwanafalsafa Mskoti, aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipoingia ndani kujitafuta alijikwaa kwenye joto au baridi, nuru au kivuli, upendo au chuki. Yeye mwenyewe hakujikuta hata siku moja.

Nesi Mstaafu

Nina tahadhari. Ukianza kuona mwili kama si wako, sauti kama zinatoka mbali, na hali hiyo haikuachii hata ukiinuka, simamisha zoezi. Fumbua macho, nawa maji baridi, kula, ongea na mtu. Ikiendelea nenda hospitali. Na lile la geti lisikutishe. Mfiwa kumsikia au kumngoja marehemu ni jambo la kawaida, nimeliona kwa wengi.

Mshonaji wa Muheza

Asanteni nyote. Siku nne nimefanya la mkono. Vidole sivipati, isipokuwa gumba, kwa sababu lina kidonda cha sindano. Mkazo wa macho nao nilipoutazama ulilegea, ukahamia kooni.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Kama geti ni mkwaruzo tu na "baba" ni wazo, nikizoea kutenga nitambakisha wapi baba? Kwa sasa hana pengine pa kukaa zaidi ya mawazo yangu.

Mama Tausi

Mwanangu, mimi nilizika mume miaka sita iliyopita. Koti lake lilibaki mlangoni, linanuka tumbaku. Nilishindwa kulipita. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba pale mlangoni kulikuwa na vitu vitatu. Kulikuwa na harufu. Kulikuwa na wazo kwamba hatarudi, na wazo hilo ni la kweli. Kulikuwa na wazo jingine, kwamba ningempeleka hospitali mapema angepona. Hili la mwisho lilinila miaka miwili. Harufu haikuwahi kunila. Nilipojua lipi ni lipi niliacha kuliogopa koti, na yeye hakupotea popote, namwaza mpaka leo. Hujaambiwa umfukuze baba yako.

Mshonaji wa Muheza

Shikamoo mama. Hilo la "ningewahi" na mimi ninalo. Sikuliandika mwanzoni.

Jioni ya leo nimekaa tena. Geti limekwaruza mara mbili. Mara ya kwanza baba alikuja papo hapo na kofia yake, nikashika mkeka nisiinuke. Mara ya pili nilisikia mkwaruzo, mzito mwanzoni, mwembamba mwishoni, kabla jina lolote halijafika. Halafu baba akaja, kifua kikabana, na vyote viwili nikavitambua vikija. Nimelia, lakini nimekaa hadi robo saa ikaisha.

Kaka anataka kuliinua geti lisikwaruze. Nimemwomba asubiri kidogo.