Matairi ya Swift ya Dada: gumzo la kikundi cha familia

*Alhamisi, saa 1:40 jioni*

Dada: Shikamooni wazazi, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Leo mchana, mvua ikiwa imenyesha kwa robo saa tu, nilikuwa nashuka kuelekea kwenye mataa kwa mwendo wa kawaida kabisa. Nilipokanyaga breki, gari liliserereka karibu urefu wake mzima kabla ya kusimama, na mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Tena tangu mwezi uliopita linavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, na likifika 90 inanibidi nipaze sauti ndipo mtoto anisikie. Gari lenyewe ni lile Suzuki Swift Sport, rimu namba 16. Nataka matairi yanayoshika barabara sawasawa, hasa penye maji, na yasiyopiga kelele. Je, vitu hivyo viwili vinapatikana katika tairi moja?

Mama: Marahaba mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba hamkuumia. Mwezi ujao mnakuja Iringa, na mnaijua Kitonga ilivyo ikinyesha. Sitaki muipande wala kuishuka na matairi hayo.

Baba Mdogo: Marahaba. Vinapatikana pamoja, ila tusikimbilie dukani. Matairi uliyo nayo hujayasoma, na huenda yakatueleza sababu ya mambo yote mawili. Chukua tochi ya simu, uchuchumae kando ya tairi la nyuma, usome maandishi yote ya ubavuni, kisha utuandikie hapa kama yalivyo. Tafuta pia neno DOT, na mwisho wa mstari wake uangalie namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. Ukimaliza, pitisha kiganja juu ya kashata, yaani yale matofali ya mpira yanayokanyaga lami, taratibu, kwanza kwenda mbele, halafu kurudi nyuma, utueleze unachokisikia mkononi.

Shemeji: Baba Mdogo, shikamoo. Mimi niliyaangalia Jumapili, na kashata bado ni ndefu. Ningekuwa nimeona kipara nisingekubali mke wangu aondoke nalo.

Baba Mdogo: Marahaba. Nakuamini, na ndiyo maana nataka maandishi. Kashata ndefu peke yake haisemi tairi ni la namna gani.

*Saa 2:05 usiku*

Dada: Nimerudi. Limeandikwa 195/50R16 84Q, na chini yake neno STUDLESS. Namba nne ni 3816. Kila kashata ina mikato mingi myembamba iliyopinda-pinda, kama iliyochorwa kwa wembe. Kiganja kikienda upande mmoja panateleza vizuri, lakini nikikirudisha, kingo zinakwaruza kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi.

Binamu (Morogoro): Dada, umetupa majibu yote. Hayo ni matairi ya theluji. Hapa gereji tunayaona mara kwa mara kwenye magari yanayotoka Japani, kwa sababu mwenye gari wa kule huliuza likiwa na matairi ya majira ya baridi, nalo hupanda meli hivyo hivyo hadi bandarini kwetu. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, hali ambayo tairi la kawaida huanza kukakamaa. Sasa mpira huo huo, katika joto la Dar la nyuzi 30 na lami iliyopigwa jua mchana kutwa, unalegea kupita kiasi. Ukikanyaga breki, zile kashata zilizokatwa-katwa zinalala na kuyumba badala ya kusimama imara. Namba 3816 maana yake lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2016. Kwa hiyo, shemeji, hukukosea kuona kashata ndefu. Tairi limeletwa tu mahali lisipopaswa kuwa, na limezeeka.

Shemeji: Nilikuwa nikilibonyeza kwa kidole na kufurahi kwamba ni laini, nikiamini kuwa ulaini ndio mshiko.

Binamu (Morogoro): Wateja wengi huamini hivyo. Ulaini una maana katika joto ambalo mpira ule uliundiwa. Tairi la spoti la kiangazi ukilibonyeza asubuhi linaweza kuonekana gumu kuliko la Dada, lakini likishapata joto la barabara linaishika lami kwelikweli.

Mama: Na huo mvumo je?

Binamu (Morogoro): Mvumo ni yale meno ya mbuzi, Mama. Kashata zimelika upande mmoja zaidi ya mwingine, na kila moja inapogusa lami inapiga kofi dogo. Makofi hayo yakiwa mamia kwa sekunde, sikio linayasikia kama sauti moja nzito. Husababishwa na magurudumu ambayo hayajanyooshwa, upepo mdogo, au matairi ya nyuma kukaa hapo hapo miaka bila kuhamishwa. Hata hivyo, Dada, naomba jaribio moja zaidi, kwa maana beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma karibu vilevile, na ni hasara kununua matairi manne kisha kelele ikabaki. Kesho barabara ikiwa tupu, ukiwa kwenye 60, yumbisha usukani kidogo kushoto, kisha kulia. Sauti ikikua upande mmoja na kupungua mwingine, tuishuku beringi. Ikibadilika unapotoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami ya kokoto, ni matairi.

*Ijumaa, saa 12:50 asubuhi*

Dada: Nimejaribu mapema kabla ya foleni. Usukani haukubadilisha chochote. Nilipoingia kwenye kipande cha lami mpya, mvumo ulishuka mara moja, na nilipotoka ukarudi. Ni matairi.

Mimi: Habari za asubuhi nyote. Usiku nilipiga hesabu za saizi (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi), kwa kuwa muuzaji mmoja aliniambia kwa simu kwamba 195/50R16 ni adimu na tuchukue 205/55R16, ambayo imejaa kila duka. Tairi la Dada lina kipenyo cha milimita 601. Hilo la 205/55 lina milimita 632. Tofauti ni kama asilimia 5, maana yake mshale wa spidi ukisema 100 yeye atakuwa anakwenda karibu 105, na mbele linaweza kugusa plastiki ya bawa akikata kona kali.

Baba Mdogo: Vizuri sana kwamba umepima. Saizi ya gari imeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na upepo wake. Adimu siyo haipo, tutasubiri iagizwe.

Shemeji: Naomba na mimi nitoe wazo. Ikiwa lengo ni mshiko, kwa nini tusipande hadi rimu namba 17 zenye 205/40? Tairi pana lina eneo kubwa la kushika.

Baba Mdogo: Wazo lako lina ukweli kwenye lami kavu, kwenye kona. Lakini mke wako aliteleza kwenye maji, na gari lake lina uzito wa tani moja na kidogo. Tairi pana chini ya gari jepesi lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni, na huwahi kupanda juu ya maji na kuelea. Kisha kuna barabara zetu. Ubavu wa 195/50 una milimita 97. Wa hiyo 205/40 una 82. Ile sentimita moja na nusu ndiyo inayookoa rimu ukiingia kwenye shimo usiloliona usiku. Niliendesha malori kati ya Dar na Tunduma kwa miaka 22, na nimesimama kusaidia magari madogo mengi yenye rimu zilizopinda. Karibu yote yalikuwa na matairi ya ubavu mwembamba. Na kwa kuwa Dada ametaja kelele, ubavu mfupi hupeleka kila kokoto hadi kwenye kiti.

Shemeji: Nimeelewa, na nimeliondoa wazo hilo. Tunabaki na 16.

Dada: Sasa nisaidieni kuchagua. Nikisoma matangazo, kila tairi ni kimya na kila tairi linashika.

Binamu (Morogoro): Nitakueleza namna ninavyomweleza mteja anayekaa nami nikiwa sina haraka. Matairi yana tabia, na majina yanasaidia kidogo kuzijua. Upande mmoja kuna yale ya mashindano, jamii ya Bridgestone Potenza kali kabisa, ambayo kipimo chake cha kulika kilichoandikwa ubavuni baada ya neno TREADWEAR ni kama 200. Yanashika ajabu, yanaisha haraka, yanavuma, na kwenye madimbwi yakianza kwisha yanakuwa hatari. Hayo siyo yako. Upande mwingine kuna yaliyotengenezwa kwa ajili ya utulivu kwanza, kama Yokohama Advan dB, ambalo hata jina lake ni desibeli. Katikati ndipo napenda ukae: Bridgestone Turanza, Michelin Primacy, Continental za jamii ya PremiumContact, au Michelin Pilot Sport ukitaka usukani mwepesi kuitikia. Haya yamechanganywa kwa wingi silika, ule unga wa madini, na silika ndiyo inayoupa mpira uwezo wa kung'ang'ania lami iliyolowa.

Kuhusu michoro, chukua tairi ambalo nusu ya nje na nusu ya ndani hazifanani, lenye neno OUTSIDE ubavuni. Upande wa nje una kashata nene za kuhimili kona, wa ndani una mifereji ya kutoa maji. Yale ya mshale wenye neno ROTATION, yenye michoro ya herufi V, hutoa maji vizuri mno, lakini hayahamishiki kutoka kushoto kwenda kulia bila kuyavua kwenye rimu, na yakishaanza kulika vibaya mvumo wake hauponi. Halafu tazama kashata zenyewe: kwenye tairi lililotengenezwa kwa uangalifu hazina urefu sawa, moja fupi, inayofuata ndefu, nyingine ya wastani. Fundi wa kiwandani amefanya hivyo makusudi ili makofi yale niliyoyataja jana yasipige kwa mapigo yanayolingana, sauti isije ikajikusanya kuwa mluzi mmoja.

Mimi: Kuna kile kibandiko cha Ulaya pia. Tangu Mei 2021 kinaonyesha herufi A hadi E kwa mshiko kwenye maji, na kelele kwa desibeli pamoja na herufi A, B au C. Matairi mengi yanayouzwa huku yanauzwa na kule pia, hivyo ukiingiza jina na saizi kwenye intaneti unaziona namba zake.

Binamu (Morogoro): Kwa maji, iamini herufi hiyo na usikubali chini ya B. Kwa kelele, itazame ukijua kwamba ile desibeli hupimwa na vipaza sauti vilivyosimama kando ya barabara, wakati gari linapita. Ni kelele anayoisikia jirani, siyo anayoisikia mtoto kwenye kiti cha nyuma. Matairi mawili yenye namba sawa yanaweza kutofautiana sana ndani ya gari.

Dada: Na yale yenye sponji ndani? Mwenzangu kazini anayasifu.

Binamu (Morogoro): Sponji ni kweli hupunguza ule mlio wa hewa iliyofungiwa ndani ya tairi, unaosikika kama ngoma ukipita kwenye viraka. Ila hutengenezwa zaidi kwa saizi kubwa, na siku ukipata msumari, fundi wa pancha inambidi aikate sponji ndipo azibe. Kwa misumari ya mitaa yetu, sikushauri.

Baba Mdogo: Naongeza jambo moja ambalo sitaki lipite. Akitokea mtu akakwambia ununue mawili tu na uyaweke mbele kwa sababu injini inavuta mbele, usikubali. Mazuri hukaa nyuma, kwa maana nyuma ikiteleza gari linageuka na dereva hana cha kufanya. Kwako hata hivyo ni manne, kwa kuwa yote ni ya theluji.

*Jumatano, saa 10:15 jioni*

Binamu (Morogoro): Turanza T005 yamepatikana katika 195/50R16, alama ya maji ni A, herufi ya spidi ya juu linayohimili ni V. Nimeomba picha ya DOT ya kila moja. Yote manne ni ya mwaka huu. Lile la kwanza walilonipa lilikuwa na miaka minne stoo, nikalirudisha.

Dada: Nashukuru sana, ndugu yangu. Jumamosi tupo kwako.

*Jumamosi, saa 11:30 jioni*

Dada: Yamefungwa, yamebalansiwa, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, imepigwa yote manne, karatasi inaonyesha nyuma kulia ndiko kulikokuwa kumepinda. Tumerudi Dar kwa mvua kuanzia Chalinze. Breki nilizijaribu palipokuwa na nafasi, nikiwa kwenye 60, na gari lilisimama nilipolitaka. Kwenye 90 nilisikia kitu kinagonga nyuma nikaogopa, kumbe ni chupa ya maji ya mtoto ikibiringika chini ya kiti. Sijawahi kuisikia chupa ile.

Mama: Mungu awabariki nyote mliohangaika.

Binamu (Morogoro): Siku za mwanzo usiyaminye kwenye kona, kwa sababu juu yake bado yana ule utelezi wa kiwandani. Upepo upime asubuhi kabla hujatembea, kwa namba za mlangoni. Na nati zikazwe upya ukifikisha kilomita 100, yaani leo hii.

Shemeji: Nipo nje na spana sasa hivi.